Jembe la Mikato Mitatu

Stara shoga, nimetoka bomani, nikapitia sokoni, ndiyo nafika sasa hivi.

Mzee Matonya, yule mhunzi wa Mlali, kashtakiwa. Eti kaiga alama. Alama yake mwenyewe, Stara! Ile mikato mitatu shingoni mwa jembe. Ukiiona tu, unajua jembe halipindi.

Mwaka juzi si alimzawadia jembe moja yule Mjerumani mwenye duka? Kumbe likapelekwa kwao, alama ikaandikishwa kwa jina la Mjerumani. Sasa duka limejaa majembe ya Ulaya, yote yana mikato mitatu.

Mzee akamwambia bwana shauri, yule mzungu anayeamua kesi pale bomani, "Alama hii kaniachia baba yangu."

"Aliiandikisha wapi?"

"Kila mkulima anaijua, bwana."

"Nimekuuliza, aliiandikisha wapi?"

Wapi, Stara! Wapi?

Akapewa tupa ya kusugulia chuma. Akaifuta alama mwenyewe mbele yetu, jembe lake moja baada ya jingine.

Kisha akayapanga sokoni, maana atarudije kwake mikono mitupu? Akaja mama mmoja asiyemjua, akaligeuzageuza moja, akatazama shingoni, akalirudisha chini.

"Hapana, baba. Mimi nataka la Matonya."