Kimya cha Bati Baridi

Jamhuri, Nairobi
12 Agosti 2007

Dada yangu Peres,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Goti lako linaendeleaje na hizo mvua za Butere? Huku baridi ya Agosti imetukalia, lakini tu wazima, na mke wangu Lornah anakusalimu sana.

Jana Mwihaki, yule binti aliyetengeneza filamu ya bendi ya mwanao, alituonyesha kazi yake mjini. Si filamu ya kuigiza. Ni watu halisi wakieleza waliyoyaona. Bati Baridi ilidumu mwaka mmoja tu, lakini vijana wa leo wanasema humo kwamba upigaji wao wote umetoka kwake: ule muziki mkavu, wa haraka, uliouita wewe mabati yanayoanguka.

Ndegwa wa gitaa la besi yumo. Sasa ana kipara na duka la simiti Riruta. Aliponiona aliuliza kama mwalimu bado anasahihisha hata salamu za watu. Nikamjibu kwamba yeye alinishinda tangu darasa la nne.

Najua kwa nini umekataa kuja kuitazama. Tangu tumzike mwanao Jeremy umesema alipiga ngoma ili azime maombi yako, na kwamba alikufa amekuchoka. Basi sikia aliyoyaeleza Ndegwa.

Walifanyia mazoezi katika chumba chako cha nyuma, ulipokuwa ungali huku Nairobi. Ulipoanza sala ya chakula cha jioni, sheria ya nyumba ilikuwa kila kitu kinyamaze, hata sufuria. Kwa hiyo walikatiza wimbo, wakangoja, kisha wakaendelea palepale. Wakazoea kungoja hapo katikati ya wimbo. Siku ya kurekodi mjini, mbali na jiko lako, Jeremy alifika mahali pale akainua vijiti, akanyamaza. Fundi wa mitambo akafoka kwamba anammalizia kanda bure. Wakarudia, akanyamaza tena. Ndegwa akamtania kwamba huku hakuna ugali. Jeremy, bila kucheka, akamwambia angoje, mama hajasema amina.

Kimya hicho kimo katika wimbo hadi leo, dada. Vijana wanakiiga bila kujua ni cha nani.

Filamu itaonyeshwa kwa watu wote Jumamosi, tarehe 25. Nitakupokea kituo cha basi cha Adams Arcade, twende pamoja. Ukikataa sitakulaumu. Lakini ukija, wimbo ukifika hapo, wewe sema amina yako kwa sauti. Ndegwa ameniahidi kwamba hakuna atakayekunyamazisha.

Wasalimie wote wa boma, na Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Nashon Obuya