Maji Mdomoni

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeharibu. Simwambii mtu, naandika humu tu, kwenye daftari la hesabu aliloliacha mjukuu wangu. Lina vijumba vidogo vidogo, herufi zangu hazienei. Shauri yao.

Kila Alhamisi sisi mafundi wa jengo hili tunakutana chumba cha kati. Mmoja anaweka kazi yake mezani, anajaza maji mdomoni, anakaa kimya. Hamezi, hatemi, mpaka wote tumeshaisema kazi yake. Sheria hiyo aliileta fundi cherehani, maana zamani ukimkosoa mtu anajitetea mpaka chai inapoa.

Leo zamu ya mfinyanzi. Kaleta mtungi wake mkubwa. Mkavu, bado haujaingia motoni. Wa maonyesho ule! Kazi zinapokelewa mwisho tarehe tatu mwezi ujao. Na alishatuambia: wakimkataa na mwaka huu, anafunga chumba, anakwenda kuuza sabuni dukani kwa kaka yake.

Mchora mabango akaanza. Tunamwita Rangi Mbili, hajawahi kununua ya tatu. Akasema michirizi ya tumboni imezidi. Fundi cherehani akasifu mdomo wa mtungi, eti umekaa kama kola iliyopigwa pasi. Zamu yangu. Si ningesema neno la maana? Nikasema: huyu ni mjomba wangu siku ya harusi yake ya tatu. Tumbo la watu wawili, shingo ya kuazima!

Mfinyanzi akacheka. Na maji mdomoni. Pwaa! — yote kwenye mtungi.

Udongo mkavu na maji havipatani. Tulikaa tunautazama, unanyonya. Halafu tukasikia. Tik. Ufa, kutoka shingoni hadi tumboni.

Hakulia. Afadhali angelia. Alifuta meza vizuri, hata pembe zake, akatoka.

Rangi Mbili bado anacheka. Nikamkanyaga.

Ijumaa, 7 Machi

Chumba cha mfinyanzi kimefungwa. Nimebisha mara mbili, nikijifanya nataka kuazima nyundo. Mimi seremala! Nyundo ninazo sita.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kaniuliza kulikoni, siku tatu sijalalamikia chumvi. Nikamweleza. Nikamwambia kosa ni la hiyo sheria ya maji.

— Una miaka sabini na mbili, mzee mzima, unayasingizia maji?

Hakuniacha. Miaka kumi na mmoja mko jengo moja, kasema, umewahi kumwambia yule mwanamke mfinyanzi kazi yake unaionaje? Nikasema sisi tunataniana. Kasema: wewe ndiye unayetania, yeye anasubiri umalize.

Mke wangu huyu angekuwa hakimu, jela zingejaa.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi cherehani kaniita, sindano mdomoni. Mfinyanzi yuko dukani kwa kaka yake tangu Jumamosi. Nikauliza: mwenye jengo anaambiwa kesho kutwa kuwa chumba kiko wazi? Hapana, kasema, Ijumaa. Na Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kuanza mtungi mwingine: kufinyanga siku tatu nne, kukauka wiki mbili, moto. Asiposhika udongo Ijumaa, maonyesho hayapo tena.

Nikasema nitampelekea salamu zangu. Kachomoa sindano mdomoni. Kasema: ufa haukumuuma, Babu, mitungi hupasuka. Kasema kazi zake zote ameziweka mezani, na kwako hajaondoka na neno hata moja la kwenda nalo nyumbani. Na wewe mwenyewe, lini uliweka kitu chako pale?

Kweli sijaweka. Huwa nasema kiti kinahukumiwa na makalio, siyo na mdomo. Wanacheka, zamu inapita. Kumi na mmoja, miaka.

Naogopa. Haya, nimeandika. Tena kwa kalamu ya wino.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda dukani. Nimemkuta nyuma ya kaunta anapanga sabuni. Siyo kupanga kule kwa muuza duka! Chini nyembamba, katikati zimetoka nje kama tumbo, juu zimerudi ndani, kishingo kifupi. Kaka yake anamwomba aziweke safu tu, wateja wanaogopa kugusa.

Nikanunua mche mmoja. Nikatoa wa pembeni.

— Shikamoo Babu. Umekuja kucheka na huku?

— Marahaba, mwanangu. Nimekuja kusema shingo ilikuwa ndefu.

Nikaendelea kabla ujasiri haujaisha. Nikamwambia niliiona tangu mtungi ukiwa mbichi, nikapita na msumeno wangu nikajisemea haya si yangu. Tumbo lile nilitaka kuliwekea sikio. Lakini shingo ilipanda tu, kama haikujua pa kukomea. Ilikuwa ya mtungi mwingine.

— Kwa hiyo ile ya mjomba ulikuwa unasema kweli?

— Nilikuwa nasema kweli huku nakimbia.

Akauliza: Mbona hukuniambia udongo ukiwa mbichi, Babu? Ningeikata kwa uzi, dakika moja. Nikaanza kusoma maandishi ya kwenye sabuni. Mzima mimi, mdomo wote huu!

Kasema Alhamisi atakuja. Siyo kurudi, atakuja kuangalia. Niweke kitu changu mezani, nijaze maji. Halafu tutaona.

Na bei ya sabuni kanipunguzia. Hilo limenitisha zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Nimeomba ufunguo wa chumba chake kwa fundi cherehani. Nimeingia nimetoka na ndoo. Ile ndoo anayoifudikiza kukalia akifinyanga. Nyuma huipandisha kwa kipande cha mbao ili imwinamishe mbele, na mgongo unamuuma kila jioni. Miaka yote nimeicheka ndoo ile. Leo nimeipima.

Iko juu mno, vidole viwili. Kwa hiyo kigoda: kifupi, kipana kidogo, miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele kwa kidole kimoja. Msasa mpaka mkono umekufa ganzi. Mguu mmoja nimeukata mara tatu, mwisho umekuwa mfupi nikauunga kwa gundi. Miaka hamsini kwenye mbao, nakata mguu mara tatu kama mwanagenzi!

Ndoo nimeirudisha ilipokuwa, na kipande chake.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika maji yakiwa mdomoni. Sheria inakataza kusema, haijakataza kuandika.

Kaja. Kapita kwanza chumbani kwake, katoka na ndoo, kaiweka pembeni ya kigoda. Vinatazamana kama wake wenza.

Rangi Mbili kasema kigoda kimelewa, kinaangukia mbele. Ngoja nimeze, atanitambua. Fundi cherehani kapitisha kiganja, kasema hakikwami popote. Nimefurahi, maji nusura yatoke puani.

Mfinyanzi bado. Kakizunguka. Kakigeuza, katazama chini, kaona mguu niliouunga gundi. Kakohoa. Lo!

Sasa kakiweka chini, kakaa.

Kasema: umekiinamisha kupita kiasi kidogo, Babu. Punguza nusu kidole. Kweli! Nilijua! Kasema: upana ni huu huu, usiguse. Kasema hajamaliza, nisimeze.

Kafumba macho. Mikono kaiweka mbele, mitupu, kama pana kitu katikati. Inapanda. Inatanuka, tumbo lile lile. Rangi Mbili kaacha kutafuna. Mashavu yananiuma. Inarudi ndani polepole, inakutana, imefika penye shingo —

Hapo! Hapo hapo, mwanangu, komea hapo! — na mimi maji mdomoni.