Bakari Si Mwizi

Jumanne. Mvua ilipiga alfajiri ikakata, Kariakoo nzima ni tope na maganda. Ninaandika nikiwa internet kafe ya Mtaa wa Sikukuu, vidole vya mkono wa kulia vimevimba kama maandazi. Mwenye kafe aliniangalia gauni lilivyojaa damu, akanipa kompyuta ya kona bila kuuliza kitu.

Leo nimempiga mtu na stuli ya chuma. Nilimpiga mgongoni, nikampiga begani, na angegeuka ningempiga usoni.

Sijutii. Au niseme kweli: sijajua bado kama najuta.

Mnaonisoma siku zote mnanijua, lakini mgeni naye asipotee. Mimi naandika programu za kompyuta. Kwa miaka mingi nilifanya kazi ofisi ya juu ya duka la jumla la vitenge la Mzee Jayanti. Programu ya duka lile niliiandika mimi yote, stoo, mauzo, mpaka kontena lililoko bandarini linaonekana limefikia wapi. Mwezi uliopita Mzee akaniita, hakukaa hata kwenye kiti, akaniambia kazi inahamia nje. Kuna kampuni itaitunza kwa bei ndogo na itaandika programu mpya.

Majirani wakasema Mhindi kawapa ndugu zake. Ndugu gani? Kazi imeenda Manila, Ufilipino, na Mzee mwenyewe alikuwa hajui Manila iko upande gani wa dunia. Aliniambia, "Rehema, zamani vitenge vilifumwa hapa hapa Dar. Sasa vinatoka nje. Nani aliandamana?" Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja cha vitenge, na siku kilipobinafsishwa alirudi nyumbani na ovaroli lake kwenye mfuko wa rambo. Ndiyo maana akanisomesha kompyuta, akisema hiyo kazi hawawezi kuipakia kwenye meli.

Haikuhitaji meli, baba.

Sasa nina meza ya kutengeneza simu ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa duka lile lile. Kila asubuhi nakaa kwenye stuli yangu nawaangalia wanaoingia na kutoka.

Wasioijua Kariakoo niwaeleze kitu kimoja. Kuna mali kauli. Machinga hana mtaji, anakwenda kwa mwenye duka asubuhi, anapewa mzigo kwa neno tu. Jioni analeta hela, au analeta mzigo uliobaki. Hakuna karatasi wala wakili. Watu wamejenga nyumba Mbagala kwa mali kauli. Kwenye programu yangu niliiwekea kitufe chake, ukikibonyeza linatokea jina la mtu na picha yake, na mzigo unatoka kwa amani.

Wa kwanza kumpiga picha alikuwa Bakari. Kaka Bakari ametoka Nachingwea kijana, anatembeza vitenge Mtaa wa Kongo amevitundika mabegani, kofia yake ya kijani ya kufuma haibanduki kichwani hata jua liwake vipi. Siku ya picha aliivua, akaivaa, akaivua tena, akaniuliza, "Dada kompyuta, ipi inanifanya nionekane mkweli?" Tulicheka ofisi nzima.

Wakati wa kukabidhi kazi niliongea na dada wa Manila, anaitwa Marisol. Nilijiandaa kumchukia. Jamani, ilishindikana. Alikuwa mpole, anauliza vizuri, na nilipomweleza mali kauli akacheka akasema maduka ya mtaani kwao nayo yanakopesha kwa kuangaliana usoni. Akakiweka kitufe kwenye programu mpya. Lakini Mzee alipoona kila kitufe kina bei yake, akaanza kukata. Alipofika pale nilimwambia hicho usikiguse. Akagonga kichwa chake na kidole. "Mali kauli iko hapa. Watu wangu nawajua kwa sura."

Akakikata. Kwenye programu mpya mzigo una njia mbili za kutoka dukani, kuuzwa au kuibiwa.

Leo asubuhi Mzee alikuwa bandarini anahangaikia kontena. Mzee Hamisi wa stoo, aliyewajua machinga wote mpaka majina ya watoto wao, alipunguzwa pamoja na mimi. Mlangoni kulikuwa na mlinzi mgeni wa kampuni ya ulinzi, na mkononi ana kimashine cha kusoma stika za mizigo. Sisi tuliomjua Bakari kwa sura wote tulikuwa nje.

Bakari akaingia kama siku zote. Robota lake la vitenge Mzee alishamwekea pembeni tangu jana. Akalibeba begani, akawasalimia wasichana wapya wa kaunta, akatoka. Mlinzi akapitisha kimashine. Taa nyekundu. Haya ninayoyasimulia kayaeleza mlinzi mwenyewe polisi, analia, kwamba kwenye skrini lilitokea neno moja tu, WIZI. Bakari akamwambia, "Mali kauli hii, mpigie bosi." Mlinzi akamshika shati. Bakari akajivuta. Mlinzi akapiga kelele.

Mwizi!

Mnalijua neno hilo likitoka mdomoni Kariakoo linafanya nini. Halirudi.

Na hapa niseme aibu yangu. Mimi nililisikia nikaendelea kufungua simu ya mteja. Nikasema moyoni, wakome, waibiwe mpaka rafu. Nilifurahi. Nilikuwa nimeshika bisibisi natabasamu wakati wanamwangusha.

Halafu kofia ya kijani ikaruka juu ya vichwa vya watu.

Sikumbuki kuvuka barabara. Nakumbuka sauti, ile ya mtu kupigwa na ubao uliolowa maji. Nakumbuka mateke. Watu waliovaa vizuri, watu wa ofisini, walikuwa wanasogea wanapiga teke moja wanaondoka zao, kama wanaodondosha sadaka. Kuna mmoja alikuwa na nondo. Kuna mwingine anasukuma tairi la pikipiki, na sauti nyuma yangu ikauliza kwa uchangamfu kabisa, "Petroli iko wapi?" Sauti ile sitaisahau. Ilikuwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi mezani.

Ndipo nikagundua nimebeba stuli.

Nilimpiga wa nondo. Alipoinama nikampiga tena. Kudadeki, nilipiga kwa ajili ya Bakari pigo la kwanza tu. La pili lilikuwa la ofisi yangu, la tatu la ovaroli la baba, na yaliyofuata sijui yalikuwa ya nani. Nilisikia raha. Naliandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba mimi nilikuwa tofauti na wale.

Nikamlalia Bakari kwa juu. Wakanipiga na mimi, teke la mbavu, teke la mkono, mtu ananivuta nywele anasema huyu ndiye mwenzake. Nilipiga kelele jina lake, Bakari, Bakari wa Kongo, huyu ni Bakari! Nani asikie. Aliyetuokoa ni mama lishe wa kona ile, alikuja na sufuria la uji unaochemka akaumwaga miguuni mwao huku anawatukana mama zao mmoja mmoja. Uji hauna utani. Wakaruka, wakatawanyika, tukampakia Bakari kwenye mkokoteni na wasukumaji wakakimbia naye hospitali.

Robota halikuwepo. Wale wale waliokuwa wanapiga kelele za mwizi waliliondoa.

Taya limevunjika. Mbavu pia. Jicho la kushoto daktari hataki kuahidi kitu, amesema tusubiri. Mkewe alifika anahema, kabla hajaingia wodini akasikia wanawake wawili kwenye korido wanasema mke wa mwizi huyo. Alikaa chini sakafuni pale pale. Nikakaa naye.

Mzee Jayanti alikuja mchana na suruali iliyolowa tope mpaka magotini. Alimwangalia Bakari muda mrefu. Akatoka, nikatoka naye. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Rehema, kile kitufe. Wale wa Manila wanaweza kukirudisha leo?"

Nikamzaba kofi.

Mzee wa umri wa baba yangu. Mzee niliyempa shikamoo kila asubuhi ya Mungu, akaniitikia marahaba na kunimiminia chai yake ya tangawizi. Miwani ilidondoka. Yeye hakuiokota, alisimama tu, mikono chini.

"Ongeza," akasema.

Sikuweza. Niliiokota miwani nikaipangusa kwa gauni, nikaichafua zaidi kwa damu, nikampa. Nikamwambia kitufe baadaye. Kwanza asimame kesho mlangoni kwake, pale pale, aseme kwa sauti kwamba Bakari si mwizi, kwamba mzigo ule alimpa yeye kwa neno lake. Akasema biashara itaharibika, watu watamgeukia, wanaweza kuchoma duka. Nikamwambia anaweza kuwa sahihi. Akaondoka bila kujibu ndiyo wala hapana.

Alasiri Bakari akaamka. Hawezi kusema, taya limefungwa. Akainua mkono akagusa bega lake, pale anapobeba. Nikadhani panauma. Akagusa tena, akaonyesha dirishani, jua linavyoshuka. Mkewe ndiye aliyeelewa. Anauliza mzigo. Jioni inafika, hajapeleka hela na hajarudisha vitenge, na neno lake limebaki dukani.

Tulimwambia asijali. Akatikisa kichwa, machozi yakashuka kwa jicho moja lililo wazi. Mtu hana taya, anawaza neno alilotoa.

Nimefika hapa kafe nimekuta barua ya Marisol. Anasema mteja anataka kitufe kwa haraka, yeye ameshakiandika bila kusubiri malipo, nimtumie tu maneno ya Kiswahili yatakayotokea kwenye skrini badala ya lile neno. Anaomba radhi kana kwamba alishika nondo yeye. Mwisho kabisa ameongeza kwamba ofisini kwao wameambiwa kazi inahamishiwa kwa watu wa bei ndogo zaidi, hawajaambiwa wapi. Anauliza kama Dar es Salaam kuna nafasi za waandika programu.

Nimecheka mpaka mbavu zikanikumbusha mateke. Halafu nimelia, na mwenye kafe amejifanya anafuta meza.

Sijui hii kazi yetu itaishia wapi. Itahamahama mpaka ikose pa kwenda, na kila itakapohama itamwacha mtu mmoja mlangoni ambaye mashine haimjui. Mimi nimeshaujua mlango wangu, ni ule wa duka la Mzee. Nimemjibu Marisol aandike hivi: MUULIZE JINA.

Stuli nilirudi kuichukua jioni, kabla sijaja hapa. Mguu mmoja umepinda, nikauponda na jiwe mpaka ukasimama. Mama lishe aliniuliza naipeleka wapi, nikamwambia popote, naogopa kuiacha.

Kesho duka likifunguliwa nitaiweka pale mlangoni, kwenye damu ambayo bado haijaoshwa. Mzee akija atasimama kando yangu. Asipokuja nitaipanda peke yangu niseme, na Kariakoo itanisikia.

Safari hii siibebi kumpiga mtu. Mimi mfupi, nataka nionekane.