Mtoto Aliyewekwa Mlangoni

Kwa Mzee Onchiri,
Ekerenyo,
S.L.P. 27, Nyamira.
Jumapili, 19 Agosti 1973.

Mpendwa wifi yangu Wakesho,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi na ukungu. U hali gani? Kifua kinaendeleaje? Kile kikohozi kimekwisha kweli, au unatuficha kama kawaida yako? Na mtoto mchanga je, ananyonya vizuri? Ndugu yangu Momanyi naye, kazi ya reli bado haijammaliza? Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu, isipokuwa mimi nimechoka mpaka kwenye kucha. Nitakueleza kwa nini, maana nisipokueleza wewe nitapasuka.

Mama yetu Bosibori kule Suneka anakusalimu. Goti linamsumbua lakini jembe haliweki chini. Ukimwambia apumzike anakuuliza kama ni wewe utakayempikia. Mvua imetufaa mwaka huu, miche ya chai imeshika, na ndizi zimetuzidi hadi tunawapa ng'ombe.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Uliniomba mambo mawili: kwanza nimpeleke mwanao Mogire kwenye maonyesho ya kilimo Kisii, akaone vitu na kujifunza; pili, kwa kuwa umeshapona lakini mtoto mchanga bado anakushughulisha, niendelee kukaa naye mpaka Januari. La kwanza nimelitimiza. La pili nitalijibu, ila nivumilie nimalize la kwanza, kwa sababu limenitoa jasho.

Wifi, nimegundua kwamba wanaosema mtoto apelekwe akajifunze ni wale wanaobaki nyumbani. Mwaka huu pale uwanjani wamejenga kitu wanachokiita Kijiji cha Watoto. Mwalimu Gesare wa shule yetu ya nasari alitutangazia habari zake mpaka tukaota. Kina nyumba ndogo ya mfano yenye mabati, jiko, choo safi, shamba dogo, na barabara yenye alama ambapo askari anawafundisha watoto kuvuka. Akatuagiza kwamba kila mahali tusimame tuwaulize watoto wamejifunza nini. Yeye mwenyewe hana mtoto.

Mume wangu Abner alisema Ijumaa ni siku ya kupeleka majani ya chai, hawezi kwenda. Jumamosi ni Sabato, hakuna aendaye popote. Basi baba mkwe wangu, Mzee Onchiri, akajitolea kutusindikiza. Nikaona siku imeshaharibika. Si kwamba ni mtu mbaya. Ni mtu mwema kupita kiasi, na hapo ndipo taabu yangu ilipo.

Unamjua. Wazee wenzake siku hizi wamelegeza, wanakunywa chai meza moja na wake za watoto wao. Yeye hata kidogo. Ile ensoni, heshima ya wakwe uliyoicheka sana ulipoolewa kwetu, kwake ni amri ya kumi na moja. Haingii nyumbani mwangu. Hanipi kitu mkononi. Akiniletea ndizi, anaziweka chini mlangoni, anageuka, anakohoa, nami natoka kuzichukua yeye akiwa amenipa mgongo. Akiwa na neno nami, anamwambia binti yangu Kerubo aniambie, hata nikiwa nimesimama papo hapo nasikia kila kitu. Nyumbani mambo hayo yanakwenda sawa. Kikohozi chake nakitambua hata nikiwa jikoni moshi umenijaa machoni.

Sasa hebu niwazie mimi uwanjani. Kerubo ana miaka mitano na mdomo wa mtu mzima. Okemwa wangu ana miwili na hataki kushikwa mkono. Mogire wako anakaribia minne, na kila chenye pembe au mkia anataka kukilisha. Na nyuma yetu Mzee katika koti lake la kanisani, akitazama jua kila baada ya kitambo, kwa sababu yeye ni mzee wa kanisa na lazima tuwe tumefika nyumbani, tumeoga na chakula kimeiva kabla jua halijazama na Sabato kuingia.

Tulianza na ng'ombe wa maziwa. Nikawauliza wamejifunza nini, kama tulivyoagizwa. Kerubo akajibu kwa sauti kubwa kwamba ng'ombe wa serikali anakojoa sana. Watu wakacheka. Okemwa akalia kwa sababu wamecheka. Mogire akang'oa nyasi zilizopandwa kwa maonyesho, zenye kibao na jina, akampa ng'ombe. Bwana shamba akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyezila.

Tukaingia Kijiji cha Watoto. Kile choo cha mfano nakwambia ni kizuri kuliko nyumba za watu. Kimepakwa chokaa, kina mfuniko wa mbao wenye mpini. Okemwa, ambaye tangu alfajiri nilikuwa nikimbembeleza kwenda choo naye akikataa, alikipenda mara moja. Kabla sijamfikia alikuwa ameshakaa na kumaliza haja yake yote, kubwa. Wifi, choo kile hakikuwa na shimo.

Mama mmoja msimamizi akapiga kelele. Nikaomba maji nisafishe. Bomba la mfano nalo halikuwa na maji. Mwishowe wakanionea huruma, wakaniletea karai, wakaniruhusu niingie ndani ya ile nyumba ndogo nimwoshe mtoto mbali na macho ya watu. Nikaingia nimeinama, Kerubo akinishikia sabuni na kunieleza jinsi mambo yanavyonuka. Mogire nilimwacha nje ameshikwa mkono na Mzee.

Huko nje Mogire akaanza kulia ananitaka. Mzee akambembeleza akashindwa. Na kuingia katika nyumba aliyomo mke wa mtoto wake hawezi, hata kama ni nyumba ya kuchezea ambayo mbuzi akiegemea inaanguka. Basi akafanya anavyofanya siku zote. Akamleta mtoto mpaka mlangoni, akamweka chini, akageuka, akakohoa.

Wifi yangu, bendi ya askari ilikuwa inapiga matarumbeta karibu na ukuta! Hata angekohoa fahali nisingesikia. Mzee akasubiri, mgongo kwangu, mikono nyuma, akiamini mtoto ameshapokelewa. Na mtoto si mkungu wa ndizi kwamba ukimweka chini utamkuta pale pale.

Nilipotoka nimembeba Okemwa katika leso, nikaliona koti la Mzee tu. Nikamwambia Kerubo amuulize babu yake Mogire yuko wapi.

"Mwambie mama yako nilimpa," akasema Mzee bila kugeuka.

"Mwambie babu sikupewa mtu."

"Mwambie nilimweka mlangoni, nikakohoa."

Kerubo akanitazama, akafupisha mambo: "Mama, babu anasema umepoteza mtoto."

Hapo ndipo Mzee alipogeuka. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe alinitazama usoni, na mimi nikamtazama. Maneno nilikuwa nayo, wifi. Yalikuwa yamejaa mpaka kooni. Nilitaka kumwuliza hiyo heshima yake itamrudisha mtoto wa watu? Lakini baba mkwe hagombezwi, basi nikayameza, na mpaka leo yamenikaa kifuani kama ugali usioiva.

Nikakimbia. Uwanja mzima ulikuwa watoto, na kila mtoto alikuwa na sweta ya kijani kama ya Mogire. Niliwaza matrekta, niliwaza fahali wa maonyesho, niliwaza ile barabara kubwa ya nje ya lango. Zaidi ya yote nilikuwaza wewe umelala hospitalini mwezi wa Machi, umekonda hata pete haishiki kidoleni, ukiniwekea mtoto huyu mapajani na kusema unajua nitamtunza. Nilikuwa najiuliza nitakuandikia nini. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi na shangazi anaujua, mimi ni shahidi. Huko mbele nilimwona Mzee wetu mtaratibu anakimbia kati ya watu, kofia imeanguka, akiita "Mogire! Mogire!" kwa sauti iliyopasuka kabisa.

Kisha bendi ikanyamaza na kipaza sauti kikakoroma.

"Sikizeni. Tuko na mtoto kijana hapa kwa hema, amevaa sweta ya kijani na kiatu moja. Anasema jina yake ni Mogire. Anasema mama yake ni Nyamoita wa Ekerenyo. Mama Nyamoita, kuja haraka uchukue mtoto yako."

Nilipofika nilimkuta amekaa mezani anakula mkate. Alikuwa amekwenda kwenye kibanda cha wachongaji kutoka Tabaka, akawa anawalisha nyasi viboko na simba wa mawe, akiwakaripia kwa nini hawali. Mchongaji mmoja, Nyasani, ndiye aliyemleta hemani. Mogire aliponiona alirukia shingoni mwangu, akanishika mpaka nikakosa pumzi. Yule mwenye kipaza sauti akaniuliza kama mtoto huyu ni wangu. Nikasema ni wangu.

Mzee akafika anahema, jasho linamtiririka. Kiatu cha pili cha Mogire kilikuwa mkononi mwake, sijui alikiokota wapi. Hakukiweka chini. Alinipa mkononi, mimi nikakipokea, kisha akatoka nje ya hema akapenga kamasi kwa muda mrefu.

Usifikiri amebadilika. Njiani alirudi kuzungumza na Kerubo tu, na sasa amekuwa mkali maradufu, hata ndizi haziletwi mlangoni, anaziacha uani. Sabato ilituingilia tukiwa bado njiani, hatujaoga, sufuria tupu, na mzee wa kanisa akalala na viazi vya jana vilivyopoa. Abner alipotuuliza habari za maonyesho nilimpa Okemwa na leso yake chafu, nikamwambia habari ni hizo. Na Mwalimu Gesare akiwauliza kesho wamejifunza nini, Kerubo ameshajiandaa kumwambia kwamba choo cha serikali hakina shimo.

Sasa swali lako la pili.

Mogire alipokuja mwezi wa Machi, kila basi lililosimama sokoni alilikimbilia akiita jina lako. Nilikuwa namrudisha akilia, nami nalia. Ulipokuwa unaniuliza katika barua kama amezoea, nilikuwa najibu ndiyo, anakula, analala, ukafurahi. Sikukueleza kwamba alipoacha kukimbilia mabasi nilifurahi pia. Ijumaa uwanja mzima uliambiwa mama yake ni nani, na wanawake wa Ekerenyo waliokuwa pale walinipongeza kwa kumpata mwanangu. Nilikwenda nao bega kwa bega nikitabasamu. Hasira zilinijia baadaye, na safari hii hazikuwa za Mzee wala za choo wala za bendi; nilijikasirikia mwenyewe.

Jana baada ya kanisa nilitoa ile picha yenu ya harusi. Nikamweka Mogire mapajani nikamwuliza hawa ni nani. Momanyi alimtambua mara moja, akacheka. Kisha akaweka kidole juu ya uso wako, akakaa nao kidogo, akaniuliza, "Mama, huyu ni nani?"

Nilimwambia, "Huyo ndiye mama yako." Akanitazama kana kwamba ninamtania.

Wakesho, sikuandikii ili kukuumiza. Nimelia hapa hadi karatasi imelowa, utaona mwenyewe wino ulivyotawanyika. Januari ni mbali. Ukimwacha mpaka wakati huo mimi sitamtoa, nakwambia ukweli, nitatafuta sababu, nitasema ana homa, nitasema mvua. Njoo sasa. Usimtume Momanyi, maana yeye anatambuliwa. Njoo wewe mwenyewe na mtoto mgongoni, kaa hapa kwangu mpaka Mogire akufuate kwa hiari yake, hata ikichukua mwezi. Kitanda kipo, maziwa yapo. Kama kifua bado kinauma, utakohoa hapa hapa, nami nitakusikia.

Msalimie Momanyi, mwambie dada yake hajaacha kelele. Wasalimie mama yako na jamaa wote wa huko Taita walionipa ndizi ndogo tamu siku ya harusi. Abner, Kerubo na Okemwa wanakusalimu, na Mzee Onchiri amemtuma Kerubo aniambie nikuandikie kwamba anakuombea.

Mungu akulinde wewe na kichanga, akufungulie njia, akufikishe salama mlangoni petu, na mlango utaukuta wazi.

Ni mimi nikupendaye,

Nyamoita,
shangazi yake Mogire.