Kompyuta ya Baraka

Jumanne

Imewaka tena leo. Kompyuta ya Baraka, mwenzangu wa ofisini tuliyemzika majuzi, imejitokeza kwenye mfumo wangu wa kufuatilia vifaa: iko hewani, mtaani Katwe, mtumiaji Baraka.

Nikaenda kwao kuichukua. Nilimkuta mama yake ameifungua mezani. Hajui neno la siri, hutazama tu pale inapoandika, "Karibu, Baraka."

"Mtoto yangu, hapa wote wanasema marehemu," aliniambia. "Ni hii tu inamuita jina yake."

Nimerudi mikono mitupu. Bosi anataka nifute kila kitu kilichomo kesho. Ni kubonyeza mara moja tu, nikiwa nimekaa mezani kwangu, na ile "Karibu, Baraka" haitaonekana tena.

Linalonitesa ni hili: mlangoni kwake, nami nilisema nimefuata kompyuta ya marehemu.