Simiti ya Mlangoni

Shauri Moyo, Alhamisi, Julai 1979

Kuna jambo nimemficha Mutua, fundi wa nyumba ya pili, na kwa jinsi kifua kinavyonibana sidhani nina muda wa kuendelea kulificha.

Leo amekuja tena kuziba shimo la sakafu ya mlangoni. "Mwalimu, hapa kwako kuna panya anayekula simiti?" Tukacheka. Akanywa chai vikombe viwili, akanisimulia vituko vya soko la Gikomba hadi jua likashuka.

Miaka yote niliyofundisha Kiingereza nilieleza kwamba kitenzi "cement" ni kuunganisha matofali kwa saruji, na pia kuimarisha urafiki. Mfano wa matofali niliutunga mwenyewe. Ule wa urafiki niliunakili kitabuni, maana sikuwa na wangu.

Akiondoka alisema, "Hii nimeikoroga nzito, mzee. Sasa utanisahau kabisa!"

Nilibaki nikiitazama simiti ile ikiwa bado mbichi. Tangu mke wangu afariki, hakuna mwingine anayebisha mlango huu.

Hakuna panya. Ni mimi, kwa ncha ya mkongojo wangu. Na leo pia nimeichimba kabla haijakauka.