Mwiko wa Kerubo

Jumatano jioni, 1974

Lakini mimi ndiye niliyesema tubebe miiko twende nayo nyumbani! Sisi wapishi wa kontrakta tunakuja na miiko yetu wenyewe, na bila miiko hakuna atakayesonga ugali wa chuo kizima. Wazo hilo nililitoa jikoni nikimenya viazi. Kerubo, mpishi mwenzangu, akalirudia uwanjani, amesimama juu ya sufuria iliyopinduliwa, na watu wakampigia makofi.

Siku tatu za mgomo ni Kerubo, Kerubo. Hata mume wangu: "Huyo mama ana akili." Nikampa chai bila maziwa.

Leo mkuu wa chuo alitangaza kwamba tutalipwa sawa na wapishi walioajiriwa na chuo. Kisha kontrakta akauliza, "Nani aliwaambia mbebe miiko?"

Nikarudi nyuma hatua moja. Kerubo alinitazama kidogo, akasema, "Ni mimi."

Akafutwa kazi palepale. Wenzetu walimsindikiza hadi kwake Nyanchwa wakiimba, yeye mbele, mwiko begani.

Kesho narudi jikoni. Ningepaswa kumshukuru. Lakini wimbo ule ulikuwa na jina lake. Mungu nisamehe, nilitaka uwe na langu.